Mwandishi na Wasikilizaji Wake wa Mbali

Ndugu msikilizaji, maneno ninayoyasema sasa hivi yanakufikia papo hapo. Nikikohoa hapa, umenisikia huko. Mwaka 1941 ilikuwapo sauti ya Kijerumani ambayo haikupata wepesi huo. Kila mwezi hivi, mzee wa miaka 65 aliingia katika studio ya NBC mjini Los Angeles, akasoma kwa dakika tano, au nane zikizidi, na maneno yake yakanaswa kwenye santuri. Santuri ikapanda ndege hadi New York. Huko ikapigwa kwenye laini ya simu. London wakaipokea kwa simu hiyo hiyo, wakainasa upya kwenye santuri ya pili, na hiyo ya pili ndiyo iliyopigwa mbele ya kipaza sauti cha Idhaa ya Kijerumani ya BBC. Hapo ndipo sauti ilipoingia hewani kuelekea Ujerumani, nchi ambayo tangu Septemba 1939 raia aliyekutwa akisikiliza redio ya kigeni alifungwa, na aliyeyasambaza aliyoyasikia aliweza kuuawa.

Mzee huyo alikuwa Thomas Mann, mwandishi wa riwaya ya Buddenbrooks, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 1929. Leo nataka tumzungumzie yeye na wenzake, waandishi na wanafikra wa lugha ya Kijerumani waliotawanyika duniani wakati wa utawala wa Hitler. Habari zao husimuliwa sana kwa upande wa hatari: mipaka ya usiku, pasipoti za bandia, meli ya mwisho. Hayo nitayagusa. Lakini lililonikaa moyoni kwa miaka mingi ni jingine. Seremala akikimbia, mikono yake anakwenda nayo, na mbao atazikuta mbele ya safari. Mwandishi naye anakwenda na lugha yake, ila watu aliokuwa akiwaandikia wamebaki ng'ambo ya mpaka, na serikali yao imewakataza wasimsome. Sasa amwandikie nani? Swali hilo liliwatesa wote, na kila mmoja alilijibu kwa namna yake.

Hitler alishika ukansela tarehe 30 Januari 1933. Usiku wa 27 Februari jengo la Bunge mjini Berlin likaungua, na kesho yake mtunzi wa tamthilia Bertolt Brecht alikuwa ameshaondoka kuelekea Prague. Heinrich Mann, kaka yake Thomas na mwandishi mkubwa kwa haki yake, alikuwa amekwisha kuvuka kuingia Ufaransa siku chache kabla. Thomas mwenyewe hakukimbia kwa maana ya kukimbia. Alitoka Munich tarehe 11 Februari na masanduku ya safari ya kawaida, akatoa mihadhara juu ya mtunzi wa muziki Richard Wagner, kisha akaenda kupumzika Uswisi. Watoto wake wakubwa, Erika na Klaus, wakampigia simu kutoka nyumbani wakamwambia hali ya hewa huko ni mbaya, asiharakishe kurudi. Walijua simu ina masikio. Mzee alichelewa kidogo kuelewa, kisha akaelewa. Hakuishi tena Ujerumani maisha yake yote.

Tarehe 10 Mei mwaka huo, mjini Berlin na katika miji mingine mingi yenye vyuo vikuu, wanafunzi walichoma vitabu hadharani. Sisitizeni hapo: wanafunzi, na maprofesa wao wakiwa wamesimama kando. Vya Freud, vya Remarque, vya Heinrich Mann, vya Erich Kästner, ambaye mwenyewe alikuwa kwenye umati akitazama vitabu vyake vikitupwa motoni. Mwandishi mmoja kutoka Bavaria, Oskar Maria Graf, aligundua kwamba vyake havikuchomwa, tena vilipendekezwa visomwe. Akaandika gazetini Vienna akidai achomwe pamoja na wenzake. Huyo namheshimu sana, maana nafasi ya kuendelea kuuza vitabu alikuwa nayo mkononi, akaitupa.

Thomas Mann hakufanya hivyo, na hapa ndipo simulizi linapokuwa gumu kwa sisi tunaompenda. Kwa miaka mitatu, kuanzia 1933 hadi mwanzo wa 1936, alinyamaza. Aliishi karibu na Zürich, aliandika katika shajara yake jinsi alivyowachukia Wanazi, lakini hadharani hakutamka. Vitabu vyake vilikuwa bado vinauzwa Ujerumani, na mchapishaji wake alikuwa bado yuko Berlin. Klaus alipoanzisha jarida la waandishi waliokimbia, lililochapwa Amsterdam na kampuni ya Querido, baba alikubali jina lake litajwe kati ya waandishi, kisha akajitenga nalo kwa woga wa kuwapoteza wasomaji wa nyumbani. Erika alimkasirikia kiasi cha kutishia kukata uhusiano. Hatimaye, Februari 1936, akaandika barua ya wazi katika gazeti la Neue Zürcher Zeitung akitangaza kwamba na yeye ni mmoja wa waliokimbia. Kabla ya mwaka kwisha akavuliwa uraia, na Chuo Kikuu cha Bonn kikamnyang'anya shahada ya heshima.

Wengi humlaumu kwa miaka ile mitatu, na lawama anastahili. Ila ukiisoma kwa makini utaona alichokihofia zaidi hakikuwa fedha. Alihofia kuandika riwaya ndefu ya Yusufu na ndugu zake, kazi ya miaka 16, isiwe na mtu wa kuifungua kwa lugha iliyoandikwa. Hofu hiyo siioni kuwa ndogo. Klaus na wenzake waliichukua hatari hiyo bila kusita, wakiwa na majina madogo na mifuko mitupu, ndiyo maana ujasiri wao nauweka juu ya wa baba.

Kampuni za Querido na Allert de Lange za Amsterdam zilichapa vitabu vya Kijerumani kwa wasomaji waliobaki nje ya Ujerumani: Uswisi, Austria, Czechoslovakia, Uholanzi. Kila Hitler alipomeza nchi moja, soko lilipungua. Austria ilikwenda Machi 1938, Prague Machi 1939, Uholanzi Mei 1940. Mwenye kampuni, Emanuel Querido, aliuawa katika kambi ya Sobibor mwaka 1943. Lugha ya Kijerumani ilikuwa inasemwa na mamilioni, na mwandishi wa Kijerumani alikuwa anabaki na wasomaji wa kujaza ukumbi mmoja.

Juni 1940 Ufaransa ikaanguka. Mkataba wa kusitisha vita uliwalazimisha Wafaransa wawakabidhi Wanazi wakimbizi wowote watakaodaiwa. Marseille ikajaa watu wanaotafuta viza. Mwandishi wa habari kijana kutoka Marekani, Varian Fry, alifika huko Agosti akiwa na orodha ya majina kama 200 na dola 3,000 alizozificha mguuni. Alipofukuzwa mwaka mmoja baadaye, yeye na wasaidizi wake walikuwa wamewaokoa watu kama 2,000. Heinrich Mann, mwenye miaka 69, alipanda milima ya Pyrenees kwa miguu kuingia Hispania pamoja na mkewe Nelly, mpwa wake Golo na mwandishi Franz Werfel. Kama wiki mbili baadaye mwanafalsafa na mhakiki Walter Benjamin aliivuka milima hiyo hiyo, mgonjwa wa moyo, akiwa na mkoba wenye muswada aliosema una thamani kuliko uhai wake. Polisi wa Hispania katika mji wa Portbou walimwambia atarudishwa Ufaransa. Usiku huo, tarehe 26 Septemba, akajiua kwa dawa. Wenzake wakaruhusiwa kuendelea na safari. Muswada haukuonekana tena.

Waliofika Marekani wengi waliishia kusini mwa California, kwenye mitaa ya Santa Monica na Pacific Palisades, kati ya michungwa na bahari. Wazee wetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hollywood iliwapa jembe siku ya kwanza: kampuni za filamu ziliwaajiri baadhi yao kwa mkataba wa mwaka mmoja, kama dola 100 kwa wiki, waandike visa vya filamu. Bila ahadi hiyo ya kazi wasingepata viza, kwa hiyo shukrani inawastahili walioitoa. Lakini ilikuwa kazi ya lugha wasiyoimudu na ustadi wasiokuwa nao. Heinrich Mann alikwenda ofisini kila siku kwa Warner Brothers. Alfred Döblin, aliyeandika Berlin Alexanderplatz, riwaya iliyobadilisha uandishi wa Kijerumani, alikwenda kwa MGM. Hakuna filamu iliyopigwa kutokana na kazi hiyo kwa jina lao. Mwaka ukaisha, mikataba ikaisha. Heinrich akabaki anaishi kwa msaada wa mdogo wake. Nelly alijiua Desemba 1944.

Yupo mwanamke aliyewakusanya, Salka Viertel, mwigizaji aliyekuwa mwandishi wa filamu za Greta Garbo. Mwaka 1941, Heinrich alipotimiza miaka 70, Salka aliandaa karamu nyumbani kwake. Chakula kilipokuwa kinasubiri, Thomas akasimama, akatoa karatasi mfukoni, akasoma hotuba ndefu ya kumsifu kaka yake. Alipoketi, Heinrich akasimama, naye akatoa karatasi zake, akasoma hotuba ndefu ya kujibu. Nyama ilikuwa inaharibika jikoni. Kila nikikumbuka jioni hiyo nawaona watu waliozoea kusikilizwa na nchi nzima wakisomeana kwa unyenyekevu mkubwa katika sebule moja, kwa sababu sebule hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki.

Stefan Zweig, Mwaustria, hakuwa hata na sebule hiyo. Alikuwa miongoni mwa waandishi waliotafsiriwa zaidi duniani. Aliondoka Salzburg mwaka 1934, akaishi Uingereza, mwisho akafika Petrópolis, mji wa milimani nje ya Rio de Janeiro. Brazil ilimpokea kwa heshima kubwa, naye alisema hivyo kwa shukrani katika barua yake ya mwisho. Tarehe 22 Februari 1942, yeye na mkewe Lotte walikunywa sumu. Katika barua hiyo alieleza kwamba ulimwengu wa lugha yake umekwisha kumtoka, na kwamba kuanza upya baada ya miaka 60 kunahitaji nguvu ambazo hana. Waliokuwa wakimwona na fedha na jina walishangaa. Mimi sishangai. Vitabu vyake vilikuwa vinasomwa dunia nzima kwa lugha za watu wengine, na Kijerumani alichokiandika kwa mkono hakikuwa na pa kwenda isipokuwa kwa wachapishaji wachache wa ugenini.

Hapo ndipo redio ilipokuja kuwa kitu kikubwa. Wanazi wenyewe walikuwa wameijenga barabara hiyo. Tangu 1933 Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, alihakikisha zinatengenezwa redio za bei nafuu, ili kila nyumba isikie hotuba za Hitler. Zilikuwa redio za nguvu ndogo, lakini usiku ukitulia, London ilinaswa. Watu walijifunika blanketi, kila mmoja na redio yake. Nyumba zilizojazwa redio ili zimsikie Hitler zikawa nyumba zinazoweza kumsikia Thomas Mann.

Alianza Oktoba 1940, mwanzoni maneno yake yakitumwa kwa simu ya maandishi na kusomwa na mtangazaji London. Kuanzia Machi 1941 sauti ikawa yake mwenyewe. Aliendelea hadi vita vilipokwisha Ulaya Mei 1945. Toleo la kitabu la mwaka 1945 lina hotuba 55. Nimezisoma, na nakushauri uzitafute. Mwandishi huyu wa sentensi ndefu zenye vyumba na ghorofa alijifunza kusema kwa ufupi, kwa hasira, kwa jina. Alimwita Hitler jinsi alivyomwona, tapeli aliyeivamia nchi. Mann aliandika baadaye kwamba Hitler alimtaja yeye katika hotuba moja mjini Munich, na kwake hiyo ilikuwa dalili kwamba santuri zile zinafika.

Mambo mawili katika hotuba hizo siyasahau. Januari 1942 aliwaambia Wajerumani habari za vijana wa Kiyahudi wa Uholanzi waliopelekwa Ujerumani wakauawa kwa gesi. Miezi iliyofuata akarudia kueleza mauaji ya Wayahudi kadiri taarifa zilivyomfikia. Kwa hiyo yule aliyesema baada ya vita kwamba hakuna aliyewaambia, kama alikuwa na redio na alisikiliza London, aliambiwa, kwa Kijerumani safi, na mwandishi aliyesomwa shuleni.

La pili linahusu Lübeck. Mwishoni mwa Machi 1942 ndege za Uingereza ziliushambulia mji huo wa bandari, alikozaliwa yeye na Heinrich, na nyumba ya ukoo iliyomo katika Buddenbrooks ikabomoka. Angeweza kunyamaza. Alizungumza juu yake Aprili. Alisema inamuuma, lakini aliikumbuka Coventry, mji wa Uingereza ulioteketezwa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1940, na akawaambia Wajerumani wenzake kwamba hana la kupinga fundisho kuwa yote lazima yalipwe. Jiulize ni nani kati yetu angeweza kusema hivyo hewani juu ya mtaa aliokulia. Watu wa Lübeck hawakumsamehe kwa miaka mingi. Naamini alikuwa na haki ya kusema, kwa kuwa aliyasema akiililia nyumba yake mwenyewe.

Sisi wasikilizaji wa Kiswahili tuna sababu ya kuijua njia hii. Idhaa ya Kijerumani ilikuwa katika jengo la Bush House, London. Miongo kadhaa baadaye, mshairi wetu Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 na akazitunga gerezani tungo za Sauti ya Dhiki, aliondoka nchini, akafanya kazi Dar es Salaam, kisha akaingia Bush House hiyo hiyo kutangaza katika Idhaa ya Kiswahili. Baada ya hapo alikwenda kufundisha Kiswahili kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani.

Na wapo waliokimbilia kwetu. Mwanasheria mmoja Myahudi kutoka Silesia aliingia Kenya mwaka 1938, akawa mfanyakazi wa mashambani. Mkewe na binti yao mdogo wakamfuata. Vita vilipoanza Septemba 1939, serikali ya kikoloni ilimkamata pamoja na wanaume wengine wa Kijerumani kama raia wa nchi adui, mtu ambaye Hitler ndiye aliyemfukuza. Binti huyo, Stefanie Zweig, asiye na uhusiano na Stefan, alirudi Ujerumani na wazazi wake mwaka 1947. Mwaka 1995 akachapisha riwaya ya maisha hayo, na filamu iliyotokana nayo ikapata Oscar mwaka 2003. Tanganyika ilimpata Ernst May, msanifu majengo mashuhuri wa Frankfurt, aliyekuja kulima mwaka 1934. Naye wakati wa vita alifungiwa Afrika Kusini, kisha akarudi kuchora majengo Nairobi, Kampala na Mombasa. California mambo yalikuwa yale yale: mwaka 1942 Wajerumani wote wasio raia, wakimbizi wakiwemo, walikatazwa kutoka nje usiku. Thomas Mann alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuwatetea.

Vita vikaisha. Ungetarajia mlango ufunguliwe. Agosti 1945 mwandishi Walter von Molo, aliyebaki Ujerumani, alimwandikia Mann barua ya wazi akimwomba arudi kama tabibu wa taifa. Mara akaingia mwingine, Frank Thiess, na makala iliyosema kwamba waliobaki ndani ndio walioteseka na kukua, kuliko wale waliotazama msiba wa Ujerumani kutoka viti vya mbele vya ugenini. Viti vya mbele! Benjamin pale Portbou, Nelly Mann, Zweig na Lotte, Klaus aliyevaa sare ya jeshi la Marekani na kujiua mjini Cannes mwaka 1949. Mann alijibu Septemba kwamba hatarudi, na kwamba kwake vitabu vilivyochapwa Ujerumani kati ya 1933 na 1945 vinanuka damu na aibu. Jibu lilikuwa kali mno, kwa sababu walikuwapo waandishi waadilifu waliobaki na kuandika kwa kificho. Hata hivyo kosa lake ni la mtu aliyejeruhiwa. Kosa la Thiess ni la mtu anayetaka kusahau. Mann alizuru Frankfurt na Weimar mwaka 1949, akahamia Uswisi 1952, na Mei 1955, miezi mitatu kabla hajafa, Lübeck ikampa uraia wa heshima.

Aliyerudi mapema karibu kuliko wote ni Alfred Döblin. Novemba 1945 alifika Baden-Baden akiwa amevaa sare ya Ufaransa, afisa wa utamaduni, miaka 67. Mwaka huo ndio aliojua kwamba mwanawe Wolfgang, mwanahisabati, alijiua akiwa askari wa Ufaransa mwaka 1940 ili asishikwe na Wajerumani. Döblin alianzisha jarida, akahimiza waandishi vijana, akachapisha riwaya zake za miaka ya ukimbizi. Hazikununuliwa. Mwaka 1953 alimwandikia Rais wa Ujerumani Magharibi, Theodor Heuss, kwamba katika nchi ambayo yeye na wazazi wake walizaliwa amekuwa mtu wa ziada, akafunga mizigo kurudi Paris. Riwaya yake ya mwisho, aliyoimaliza 1946, ilimpata mchapishaji baada ya miaka kumi, Berlin Mashariki. Mwaka uliofuata akafariki. Leo hakuna mwanafunzi wa fasihi Ujerumani asiyelijua jina lake. Kwa Kiswahili Berlin Alexanderplatz bado sijaiona, na vijana wanaosoma Kijerumani Dar es Salaam na Nairobi wapo. Mmoja wenu akiianza, aniandikie kupitia kituo hiki. Sura ya kwanza tutaisoma hewani.